Mtoto wetu tuliyemkuta Lubumbashi

Likizo hii tulifika Lubumbashi, tukatembelea Bakanja Ville, nyumba ya Mapadri Wasalesiani inayopokea vijana wa kiume wanaolala barabarani. Imepewa jina la Mwenyeheri Isidore Bakanja. Pale mtoto anaoga, anakula, analala, anafundishwa kusoma, na waelimishaji wanatafuta jamaa yake pole pole.

Tulitazamia kukuta wezi. Tulikuta watoto wanafua mashati yao.

Wale tuliozungumza nao walianza habari yao karibu namna moja: mama alikufa, baba akaoa tena, mtu akaugua nyumbani, mtoto akaitwa mchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza jambo hilo, na mwenye kumwita mtoto mchawi anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 3. Sisi walimu tunaijua. Lakini mtoto akikosa darasani wiki 2, ni mara ngapi tunaenda kuuliza kwao?

Mmoja, wa miaka kama 11, aliposikia tunatoka Kongolo alikuja kukaa karibu nasi. Akauliza kama bibi yake angali anauza samaki upande wa daraja la Lualaba. Kisha akasema: «Mama mwalimu, musiwaambie mumeniona.»

«Hata bibi?»

Akanyamaza sana. «Bibi, sawa.»

Tulimkuta bibi sokoni. Hakuuliza mengi, alitaka kujua kama amerefuka. Sasa anataka kwenda kumwona. Mwenye kuweza kuchangia nauli ya treni atukute Jumapili, kisha misa.