Riba Haitakasiki kwa Jina la Kizungu

Ndugu Waislamu, wapo wasomi wetu hapa Ngamiani wanaodai kuwa kilichoharamishwa ni "usury", yaani ziada ya kupindukia, ilhali "interest" ya benki ni halali. Tunawauliza: mpaka huo kauweka nani?

Hakuuweka Mtume (s.a.w.). Kwa Waingereza wenyewe, hapo kale "usury" ilikuwa ziada yoyote juu ya mkopo, hata ikiwa ndogo. Mwaka 1545, enzi za Mfalme Henry VIII, sheria ikaruhusu ziada isiyozidi asilimia 10. Ikafutwa 1552, ikarejeshwa 1571. Hatimaye neno la lawama likaachiwa kile tu kilichovuka kiwango cha sheria, na kilichosalia kikapewa jina la adabu. Haramu ikawa inapimwa na Bunge!

Sisi tunalo neno moja, riba, na benki za nchi hii huliandika waziwazi katika mikataba yao. Aliyekopa laki moja kwa sharti la kurudisha laki moja na elfu tano amelipa riba, awe amekopa benki au kwa jirani wa Barabara ya Kumi na Mbili.

Na wanaong'ang'ania Aya ya 130 ya Aal-Imran, inayotaja riba ya maradufu, waisome pia ya 279 ya al-Baqara, inayomwachia mkopeshaji rasilimali yake tu.