Msafara ukichelewa ni usalama, sisi tukichelewa ni uvivu?

Watu wa Hagadera, leo siwezi kunyamaza. Wafanyakazi wa mashirika wanalala Dadaab mjini, wanakuja kambini kwa msafara wa magari na polisi. Ukichelewa, hakuna maswali. Sawa, hii barabara tunaijua.

Lakini jirani yangu, mkalimani, anatembea mchangani kutoka bloki ya mwisho. Boda ya kila siku ingemaliza insentivu yake (mkimbizi hata halipwi mshahara, jina lenyewe hawataki!). Akifika saa mbili na robo, anaandikwa. Na ofisi bado imefungwa, mwenye ufunguo yuko kwenye msafara! Wallahi.

Kambi ilifunguliwa 1992. Wakubwa, ama mwandike na magari kwenye hilo daftari, ama mtoe nauli.