Gitaa la nyuzi nne na kidole kimoja

Chukua nyumba moja ya Kihagara, hatua chache kutoka ziwani. Ukutani limening'inia gitaa ambalo nyuzi zake mbili nene zilikatika siku nyingi. Binti wa miaka 11 amelishusha mchana mmoja, akakaa nalo kando ya vichanja alikoachwa kulinda dagaa wasiliwe na kunguru. Mama anatoka, anamkuta amelipakata. "Rudisha hicho kitu mahali pake," anasema. "Huo ndio mwanzo wa uhuni."

Mama huyo hasemi kwa ubaya. Gitaa ni la kaka yake, aliyeacha shule kidato cha pili akafuata bendi mjini, na aliporudi alirudi na gitaa hilo tu. Mzazi aliyeona hayo hahitaji kuhubiriwa kuhusu uzuri wa muziki. Hofu yake ina jina na ina sura, na mtoto akiambiwa "mama hajui muziki" anadanganywa.

Ila kuna mambo mawili yamechanganywa pale ukutani. Kufuata bendi ni jambo moja. Mtoto kujua nyuzi zinavyoongea, akiwa nyumbani, dakika 15 baada ya kazi na daftari, ni jambo jingine. Na gitaa lile, ambalo kila mtu nyumbani analiita bovu, kwa mkono wa mtoto linaweza kuwa bora kuliko lilipokuwa zima.

Sababu ni hii. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Ukiondoa mbili nene, zinabaki nne ambazo, kuanzia ule mnene kwenda mwembamba, hufungwa kwa sauti za D, G, B na E. Sauti hizo nne, kwa mpangilio huohuo, ndizo za ukulele ya baritoni, ndugu mkubwa katika ukoo wa ukulele. Ukoo huo ulianzia visiwa vya Hawaii, baada ya Wareno wa kisiwa cha Madeira kufika huko mwaka 1879 na vigitaa vyao vidogo vya nyuzi nne. Baritoni yenyewe ni ya juzijuzi, ilitokea Marekani katika miaka ya 1940. Sehemu ya uzi inayopigwa ina urefu wa karibu sentimita 50, wakati gitaa kubwa hukaribia 65, ndiyo maana vidole vifupi vinafika bila kunyooshwa kama vinavutwa na kamba.

Hapana haja ya kukimbilia Kariakoo kuitafuta. Mwenye nayo ana bahati, na asiye nayo ana gitaa la mjomba. Kilichomo humu chini kinafanya kazi kwenye vyote viwili bila kubadilisha hata kidole kimoja.

Wala gitaa la nyuzi nne si kituko katika ziwa hili. Ng'ambo, Malawi, kuna wanamuziki wawili wanaojiita Madalitso Band, Yosefe Kalekeni na Yobu Maligwa. Mmoja hupiga gitaa la nyuzi nne huku mguu wake ukipiga ngoma, mwenzake hushika babatoni, ala ndefu ya uzi mmoja. Walianzia kupiga mitaani Lilongwe, na mwaka 2019 walitoa albamu na kualikwa kwenye matamasha makubwa ya Ulaya. Upande huu wa ziwa nako hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba sauti ya mbali inaweza kupata makazi. Mganda umebeba mwendo wa paredi na sauti za bendi za jeshi la mkoloni, ila tarumbeta ziligeuzwa vibuyu.

Sasa neno jazi. Babu akilisikia anakumbuka redio: Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944, ambayo Mbaraka Mwinshehe alijiunga nayo mwaka 1965. Kwetu jina hilo lilikuwa la bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na matarumbeta. Wamarekani walioanzisha jazi walikuwa na jambo jingine pia, nalo ni namna ya kupanga sauti ndani ya kodi. (Kodi za muziki, si zile za TRA.) Namna hiyo inaonekana ngumu kwa sababu huandikwa kwa namba na alama za kutisha. Mtoto wa kwaya anaweza kuielewa kabla chai haijapoa.

Kwaya ina sauti nne: soprano, alto, tena, besi. Kodi ya kawaida ina noti tatu tu, do, mi na so. Kwa hiyo kwenye nyuzi nne, nyuzi mbili zinaimba noti moja, kama tena anayeiga soprano kwa sababu hakufanya mazoezi. Kodi ya jazi haikubali uvivu huo. Kila uzi unapewa noti yake. Hiyo ndiyo siri yenyewe, na sehemu kubwa ya mengine ni mapambo.

Mtoto ashike gitaa. Shingo yake imekatizwa na vyuma vyembamba, na nafasi kati ya chuma na chuma ziitwe vyumba. Chumba cha kwanza ndicho kilicho mwisho kabisa, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Kidole kinabonyeza nyuma tu ya chuma, si juu yake, la sivyo uzi unakoroma.

Abonyeze uzi mwembamba peke yake, chumba cha tatu, kisha acharaze nyuzi zote nne. Hiyo ni G ya kawaida. Sauti yake ni ya kuaminika, imetulia kama mtu aliyekwisha kula. Ndani yake kuna so, do, mi, halafu do tena.

Kidole hichohicho kirudi nyuma hadi chumba cha pili. Nyuzi nyingine tatu hazijaguswa. Uzi mwembamba umetoka do ukashuka kwenye ti, na chumba kizima kimebadilika hewa. Hii huandikwa Gmaj7. Watoto wengine husema inasikika kama jioni, wengine husema imekosewa. Wote waachiwe waseme, maana sikio linalobisha limeshaanza kusikia.

Kirudi tena, chumba cha kwanza. Sasa ni G7, na uzi mwembamba unaimba ta, ile ti iliyoshushwa ambayo walimu wa kwaya huitumia wimbo unapotaka kugeuka. Sauti hii haitulii. Inadai kwenda mahali.

Mwisho kidole kiinuke kabisa. Nyuzi nne wazi, hakuna kilichobonyezwa, zinaimba so, do, mi na la. Hiyo ni G6, kodi halali kabisa ya jazi, inayopigwa na mtu asiyefanya chochote kwa mkono wa kushoto. Gitaa lililokuwa likining'inia msumarini lilikuwa na kodi ya jazi siku zote hizo, kama lingekuwa limekazwa nyuzi sawasawa.

Basi: tatu, mbili, moja, wazi. Kidole kimoja kimetoa kodi nne, na tatu kati yake ni za jazi. Hapo mtoto akae wiki nzima. Mzazi atakayemharakisha kwenda kwenye nyimbo ataharibu, kwa sababu kazi ya wiki hiyo si vidole. Mtoto anajifunza kutambua kwa sikio, macho yamefumbwa, ni noti gani imehama. Mzazi anayeimba kwaya anaweza kuifanya mchezo: yeye anashika do kwa mdomo bila kuhama, mtoto anashuka na kidole, halafu wanabadilishana.

Wiki ya pili zije kodi za vidole viwili. C: kidole cha kati kwenye uzi mnene chumba cha pili, cha shahada kwenye uzi wa tatu, yaani B, chumba cha kwanza, na zile nyingine mbili zipigwe wazi. Dm7: cha kati kwenye uzi wa G chumba cha pili, cha shahada kilale juu ya nyuzi mbili za mwisho chumba cha kwanza, uzi mnene ubaki wazi. Kulaza kidole kunasumbua mwanzoni, nyuzi zitakwama, na si uvivu wa mtoto. Halafu apige Dm7, G7, C, kila moja mapigo manne, azungushe. Mpangilio huo ni kama chumvi ya jazi, haupitii vibao vingi pasipo kuuonja. Anayetaka na Fmaj7 ajenge ngazi: uzi mnene chumba cha tatu, unaofuata cha pili, unaofuata cha kwanza, mwembamba wazi.

Sasa yale yanayokwamisha, na hapa simu ndiyo mkosaji mkuu. Mtoto akiandika "ukulele" kutafuta michoro ya kodi, mara nyingi ataletewa ile ya ukulele ndogo, ambazo hufungwa G, C, E, A. Vidole vitakuwa sahihi na jina halitakuwa sahihi. Lile umbo la kidole kimoja chumba cha tatu, kwenye ukulele ndogo ni C, kwenye baritoni ni G. Mtoto anayepiga sambamba na video ataona hapatani nayo, atadhani hana sikio, na wengi huachia hapo. Atafute neno "baritoni" pamoja na ukulele, au achukue mchoro wa gitaa la kawaida na kusoma nyuzi nne nyembamba tu, zile mbili nene azifunike kwa kidole gumba.

Simu hiyohiyo ina faida yake. Programu za kukazia nyuzi zipo za bure, zinasikiliza kwa maikrofoni na kuonyesha kama uzi umelegea au umezidi. Achague gitaa, akaze D, G, B, E, afanye hivyo kila anaposhika ala, si mara moja kwa mwezi. Nyuzi mpya hulegea kwa siku kadhaa za mwanzo, na mtoto asilaumiwe kwa hilo.

Nyuzi zenyewe ziangaliwe. Gitaa lililotengenezewa nailoni lisivalishwe za chuma, mvuto wake ni mkubwa na unaweza kung'oa daraja au kupinda shingo. Kwa uzi mwembamba uliokatika, familia ya ziwani ina dawa karibu: mshipi wa nailoni wa kuvulia, uliochaguliwa unene unaofanana, unashika sauti vizuri tu, na wapo wapiga ukulele duniani wanaoutafuta kwa makusudi. Aulize kwanza kabla ya kukata mshipi wa baba.

Ncha za vidole zitauma siku za mwanzo. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe. Ikiuma, apumzike, kesho ataendelea. Dakika 15 kila siku zinamshinda anayepiga saa mbili Jumamosi na kusahau hadi Jumamosi nyingine. Na kazi za nyumbani zibaki kazi za nyumbani: mtoto anaweza kukaa na gitaa kando ya vichanja, kunguru wakila dagaa gitaa lirudi msumarini kwa siku hiyo. Hilo ni sharti la haki, na watoto hulielewa haraka kuliko hotuba kuhusu uhuni.

Swali la mjomba, hata hivyo, haliondoki kwa sharti la dagaa. Mzazi mwenye kovu kama lile afanye vizuri kulisema waziwazi: mjomba wako aliacha shule, na mimi naogopa. Mtoto wa miaka 11 anaweza kubeba ukweli huo. Asichoweza kubeba ni katazo lisilo na sababu, linalomfanya aanze kujificha na gitaa nyuma ya nyumba, na ndipo mzazi anapoanza kukosa habari za mwanawe.

Rudi basi kwenye nyumba ile ya Kihagara. Wavuvi wa dagaa hawatoki na taa usiku wa mbalamwezi kali, kwa hiyo baba yuko nyumbani, anashona nyavu uani. Mama amekubali shingo upande, dakika 15, mlango ukiwa wazi. Binti anashuka: chumba cha tatu, cha pili, cha kwanza. Anasimama hapo, kwenye ta, kwa sababu ndipo alipofikia.

Anarudia. Tatu, mbili, moja. Kimya.

Kutoka jikoni sauti ya alto inatoka kabla mwenyewe hajaamua: "Laaa." Kisha mama anachungulia mlangoni na mwiko mkononi. "Umeiacha njiani. Malizia, inanikera."

Binti anainua kidole. La inasikika, nyuzi zote wazi.

"La ipo," mama anasema, kichwa amekiinamisha upande. "Ila chini yake hapajakaa sawa. Huku chini kuna kitu kinatakiwa kihame."

"Wapi, mama?"

"Nitajuaje? Jaribu huo mnene."

Binti anaweka kidole cha kati kwenye uzi mnene, chumba cha kwanza. Baba uani anakunja uso. Anakisogeza chumba cha pili, na mama, ambaye ameshaweka mwiko chini, anavuta kigoda akae karibu.