Bonde Lilipasuka Penye Mshono

Tarehe 6 Januari hupita kila mwaka bila mtu kuitaja, nami hununa kidogo. Usiku wa siku hiyo mwaka wa 1928, Subukia ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini Kenya. Ardhi ilipasuka kwa kilomita 38 kando ya ukingo wa Laikipia, na mahali pengine upande mmoja ukashuka kwa zaidi ya mita 2.

Nimefundisha jiografia bondeni humu hadi kustaafu. Wanafunzi wangu waliyajua hayo, na ukiwauliza jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea wangekuchorea mishale ubaoni: nguvu za kuvuta, nguvu za kusukuma, kipande cha kati kikadidimia. Alama zote wapewe. Ila kuna swali ambalo vitabu tulivyotumia havikuligusa: kwa nini hapa? Afrika ni pana. Mbona ardhi haikupasukia Kakamega?

Jibu hulipati kwa kuchimba shambani kwangu. Hapa utagonga mwamba wa volkano ambao haujatimiza miaka milioni 20. Lazima utazame pande zote mbili za bonde. Magharibi, Kakamega na Migori, kuna miamba yenye dhahabu iliyopita miaka bilioni 2.5, ukingo wa pande kubwa gumu lililotulia tangu kale. Mashariki, Machakos, Kitui hadi Taita, miamba ni mingine kabisa: imepikwa, ikakunjwa, ikakandamizwa. Mwingereza Arthur Holmes, aliyewahi kutafuta madini Msumbiji mwaka wa 1911 na kuambulia malaria, ndiye aliyeuita ukanda huo Ukanda wa Msumbiji katika maandishi yake ya 1951.

Umri wa mapishi hayo umo ndani ya zirkoni, punje ngumu ambazo nyingi ni ndogo kuliko chembe ya chumvi. Zirkoni inapoganda huikaribisha urani na kuikataa risasi. Urani hugeuka risasi polepole mno. Nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 4.5. Kwa hiyo risasi inayopatikana ndani ya punje ni mtoto wa urani aliyezaliwa humo humo, na ukipima wazazi waliobaki na watoto waliopo, umri unaupata. Lililo tamu zaidi ni kwamba mwamba ukipikwa upya, punje huota tabaka jipya juu ya kiini cha zamani. Katika milima ya Pare na Usambara, ng'ambo ya mpaka, tabaka hizo zina takriban miaka milioni 640. Huo ndio wakati bahari iliyokuwa mashariki yetu ilipokuwa ikifungwa, na nchi zilizokuja kuwa Madagaska, India na Antaktika zikijongea kuungana na Afrika. Bara kuu la Gondwana lilikuwa linashonwa, na mshono mmoja ulipita huku kwetu.

Mamilioni ya miaka baadaye joto la chini lilipoanza kuinua na kuvuta ardhi, halikulipasua lile pande gumu la magharibi. Lilifuata ukingo wake, ndani ya ukanda ulioshonwa. Subukia iko huko.

Sasa niseme linaloniudhi. Kuanzia 2014 hadi mwisho wa 2024, mgodi wa Base Titanium kule Kwale ulisafirisha titani pamoja na zirkoni kutoka mchanga ulioteremshwa na mito kwa enzi na enzi. Duniani zirkoni nyingi husagwa kuwa unga wa kuzipa taili weupe. Mjadala wetu ulikuwa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa wenyeji, kwa Sheria ya Madini ya 2016. Ni mjadala halali, na watu wa Kwale walipwe hadi senti ya mwisho. Lakini sikumsikia kiongozi hata mmoja akidai magunia machache yabaki katika vyuo vikuu vyetu, wala akiuliza kwa nini umri mwingi wa miamba yetu tunaunukuu kutoka maabara za Ujerumani na Australia.

Mashine za kusomea punje ni ghali, najua, na hospitali zetu zina mahitaji yake. Basi vyuo vya Afrika Mashariki vichange vinunue moja, iwekwe Nairobi au Dodoma, sijali. Mtaala nao uongeze kipindi kimoja tu kuhusu kuungana, kabla ya vile vya kupasuka. Na Kaunti ya Nakuru isimamishe bango karibu na madhabahu ya Bikira Maria hapa Subukia, ambako mahujaji hufika kwa maelfu na kusimama wakitazama bonde. Maneno ya bango nitayaandika mimi, bila malipo.