Deni Lililokaa Kwenye Namba ya Gari



Mfunguo Pili iliyopita, baada ya swala ya Isha, alinijia msikitini mama mmoja wa mtaani kwetu akiwa na wanawe wawili. Alikuwa ametoka edani siku chache nyuma. Mumewe alifariki mwanzoni mwa Rajabu. Walitaka niwasaidie kuandika hesabu ya mirathi, kazi ambayo kwa ukatibu wangu huniangukia mara kwa mara. Kilicho kikubwa katika mali ile kilikuwa gari dogo, na mnunuzi alikwishapatikana. Lakini mnunuzi huyo, mtu mwangalifu, aliingiza namba ya gari katika mfumo wa faini za barabarani, akakuta faini 5 ambazo hazijalipwa.

Mama alifadhaika. "Mwanangu, siku ya maziko tulitangaza anayemdai ajitokeze. Hakujitokeza mtu."

Naam, mdai wa namna hii hahudhurii maziko.

Wengi wetu tunaujua utaratibu kwa nusu. Askari akikusimamisha, huingiza kosa katika mashine yake ya mkononi, ikatoa karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Faini wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa, nawe hulipa kwa simu au benki. Usipolipa ndani ya siku 7, ilikuwa ikiongezeka robo na kuwa 37,500. Hapo dereva ameipata taarifa dakika ile ile. Lakini deni halikai kwenye jina la dereva, linakaa kwenye namba ya gari. Mwenye gari aliyeko nyumbani atajua siku dereva atakapofungua kinywa, au siku atakapotazama mwenyewe.

Basi tukaketi na zile faini 5, ambazo zote zilikuwa zimekwishapanda, jumla shilingi 187,500, tukazipanga kwa tarehe. Kwa mfumo, deni ni la gari. Kwa mirathi, ni lazima tujue ni la nani, maana deni la marehemu hutolewa kabla ya warithi kugusa chochote, na deni la aliye hai halina haki ya kula fungu la mjane.

Mbili zilikuwa za kabla ya Rajabu, na mama alithibitisha kwamba siku hizo marehemu hakumwachia mtu usukani. Hizo, shilingi 75,000, tukaziandika kwenye mali yake bila mjadala. Ya tatu, kijana mdogo aliinamisha kichwa. Alisimamishwa, akapewa karatasi, akaichomeka juu ya kioo cha dereva na kunyamaza, kwa kuwa hakutaka kumwongezea mama yake majonzi akiwa edani. Karatasi tuliikuta pale pale, wino umekwisha kufifia. Mbili za mwisho zilikuwa za Jumamosi moja, barabara ya Bagamoyo, siku gari lilipoazimwa na jirani kupeleka watu harusini. Jirani aliapa kwamba hakusimamishwa na mtu. Nami namsadiki: kosa lilikuwa la mwendo, na gari huweza kupigwa picha likaandikwa bila kusimamishwa. Mwenye kosa hakujua, na mwenye gari hakujua. Familia ile haikupata ujumbe wowote, na siku 7 zilikwisha zamani.

Sitetei mwendo kasi. Kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu zimewekwa kwa ajili ya watoto wetu wanaovuka kwenda madrasa. Ila kuhesabu siku za mtu ambaye hajaambiwa ni jambo zito kulikubali. Uingereza, sheria yao ya makosa ya barabarani ya mwaka 1988 inataka kwamba kwa kosa kama la mwendo, ikiwa dereva hakuonywa papo hapo, taarifa imfikie mmiliki aliyesajiliwa ndani ya siku 14. Ikichelewa kwa uzembe wa mamlaka, kwa kawaida mashitaka hayasimami. Kisha mmiliki hupewa siku 28 amtaje aliyekuwa akiendesha. Pale mzigo wa kufikisha habari upo kwa anayedai. Kwetu, nyakati za kusajili gari tunaandika namba ya simu; ujumbe mmoja mfupi ungetosha.

Kabla hilo halijawa, wazazi wangu, mwenye gari na aitazame namba yake katika mfumo kila wiki, hasa akiwa na vijana wanaoliendesha. Na anayeazima gari na aulizwe baada ya siku chache, bila kuoneana haya. Jirani yule alilipa zake zote mbili kwa moyo mweupe, lakini mama alikaa wiki nzima akitafuta namna ya kumwambia, nusura mnunuzi aondoke.

Usiku ule, walipokwisha kuaga, nikaona si vibaya nikatazama na gari la msikiti wetu, lile la kubebea jeneza. Nikakuta faini 1. Nikafungua daftari la safari ili nimjue dereva wa siku ile, nimwite mbele ya kamati. Jina lililoandikwa lilikuwa langu. Nilikwenda kununua saruji ya choo cha wanawake, nikawa na haraka ya kuiwahi Alasiri. Nililipa 37,500 mfukoni mwangu, na mweka hazina, ambaye hana mzaha, akanidai risiti.