Mwalimu Aliye Kazini na Maombi ya Shahada ya Uzamili ya Takwimu

Katika shule zetu za sekondari na vyuo vyetu vya ualimu wamo walimu wa hisabati ambao, baada ya miaka mitano au minane ya kufundisha, huingiwa na haja ya kusomea takwimu katika ngazi ya uzamili. Wengine huificha haja hiyo kana kwamba ni aibu. Mkuu wa shule akisikia hudhani mwalimu anatafuta njia ya kuikimbia chaki. Wenzake hudhani anataka kwenda benki. Sisi tulio katika kazi ya kuwafunza walimu twaona kwamba shauri hili limeachwa mno mikononi mwa mtu mmoja mmoja, ahangaike nalo usiku peke yake, ilhali linaihusu kazi yetu sote. Tutaeleza kwa nini twaona hivyo, na tutasema pia mahali ambapo waombaji wenyewe hupotea njia.

Wengi hudhani kwamba takwimu ni majedwali, michoro na wastani, kwa kuwa ndivyo sura ya takwimu ilivyo katika vitabu vya shule. Mwalimu aliyekuwa karani katika Sensa ya mwaka 2022, iliyopata watu 61,741,120, ameshiriki kazi ya heshima, lakini kuhesabu si ndiyo elimu yenyewe. Masomo ya uzamili ya takwimu yamejengwa juu ya kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriki, na nadharia ya uwezekano. Hapo ndipo mwalimu anapokwama. Aliyesomea shahada ya ualimu aliigawa miaka yake kati ya masomo mawili ya kufundishia na masomo ya elimu yenyewe, yaani saikolojia, falsafa na mbinu. Wanaochagua waombaji huifungua nakala ya matokeo, wakahesabu kozi za hisabati zilizomo. Hawaulizi ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne aliowafaulisha.

Kwa hiyo basi, mwalimu hana budi kuijaza hisabati yake kabla ya kuijaza fomu. Hili ni jambo la mwaka mzima, pengine miwili, wala si la likizo moja. Hatuamini ratiba za saa nne kila usiku anazojiwekea mtu mwenye vipindi ishirini na tano kwa juma na marundo ya madaftari ya kusahihisha. Ratiba ya namna hiyo hufa juma la tatu. Saa moja ya alfajiri kabla ya kwenda shule, siku nne kwa juma, huzaa zaidi. Na saa hiyo itumike kutatua, si kusoma. Kufuata kwa macho uthibitisho uliokwisha andikwa ni sawa na kumtazama mwenzio akipiga makasia. Mwalimu afunge kitabu, aandike mwenyewe, akikwama ndipo akifungue. Sisi tunaowakemea wanafunzi kwa kukariri hatua za hesabu tunalijua jambo hili vizuri, isipokuwa tunapokuwa wanafunzi sisi wenyewe.

Hata hivyo, si kwa ajili ya faida ya mwombaji peke yake kwamba tumeshika kalamu. Tazama yanayofanyika katika vyuo vyetu kwa jina la utafiti wa mbinu. Mwanachuo hufundisha mkondo A kwa mbinu mpya na mkondo B kwa mbinu ya zamani, hulinganisha wastani wa alama, kisha huandika kwamba mbinu mpya imeshinda. Haulizi mikondo hiyo iligawanywa vipi. Shule nyingi huigawa kwa alama za mtihani, na hapo mkondo A ulikuwa umeshinda kabla somo halijaanza! Au huwachukua wanafunzi ishirini waliofanya vibaya kuliko wote mwezi wa tatu, huwapa masomo ya ziada, na kuwapima tena mwezi wa sita. Wamepanda, naye hufurahi. Lakini alama ya mtihani mmoja huchanganya ujuzi wa mwanafunzi na bahati ya siku ile. Ukiwachagua walioshika mkia, umewachagua pamoja nao wengi ambao siku hiyo iliwaendea vibaya. Mara ya pili watapanda hata kama hapana aliyewafundisha neno. Francis Galton aliliandika jambo hili mwaka 1886, alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao. Yaliyojulikana tangu wakati ule hayajafika katika chumba cha wakufunzi, na kwa ajili hiyo twazishauri shule zibadili ufundishaji kwa ushahidi ambao pengine si ushahidi. Wanaolipa ni watoto.

Ndiyo sababu twasema kwamba mwalimu anayeomba kwenda kusoma takwimu haikimbii chaki. Na ndiyo sababu pia barua yake ya kujieleza isianze kwa maneno kwamba tangu utotoni alipenda namba. Kila mwombaji alipenda namba. Aanze na swali alilokutana nalo kazini: mahudhurio katika rejista yake hupungua majuma gani ya msimu wa kupanda, na je, wanaokosa ni wale wale kila mwaka? Matokeo ya mtihani wa majaribio hutabiri kwa kiasi gani yale ya mtihani wa taifa? Ayaweke matokeo ya miaka mitano katika kompyuta, akiyaondoa majina ya wanafunzi, ajaribu kuyachambua kwa programu ya R, ambayo haina malipo, kisha aeleze alipofika na alipokwama. Mahali alipokwama pana thamani kuliko alipofika, maana ndipo panapoonyesha kwa nini anahitaji kusoma zaidi.

Uko mfano ambao tungependa wakuu wa shule waufikirie. William Sealy Gosset aliajiriwa mwaka 1899 katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kazi ilimletea swali: ufanyeje unapokuwa na vipimo vichache tu, vitatu au vinne, nawe huna budi kuamua? Mwajiri wake hakumwambia achague kati ya kazi na masomo. Alimruhusu aende London, mwaka 1906 hadi 1907, akasome kwa Karl Pearson. Mwaka 1908 Gosset alitoa makala yake mashuhuri kwa jina la kupanga la Student, na jaribio linaloitwa hivyo hufundishwa hadi leo. Ili kuhakikisha hesabu zake alichukua vipimo vya watu 3,000, akaviandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya, akavigawa katika mafungu 750 ya wanne wanne. (Mwalimu yeyote anaweza kulirudia zoezi hilo darasani kwa vimo vya wanafunzi na boksi tupu la chaki; hatujui njia bora ya kuanzishia somo la sampuli.) Tena Ronald Fisher, aliyekuja kuwa mkuu wa elimu hii katika karne ya 20, alifundisha hisabati na fizikia katika shule za sekondari kabla ya kuingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted mwaka 1919.

Barua za ushuhuda nazo huharibu maombi mengi. Mkuu wa shule huandika kwamba mwalimu ni mtiifu, mwenye nidhamu, na hushirikiana vizuri na wenzake. Hayo ni kweli na ni mema, ila hayamsaidii anayetaka kujua kama mwombaji ataimudu nadharia ya uwezekano. Walau barua mbili zitoke kwa waliomfundisha hisabati. Kwa kuwa mhadhiri hawezi kumkumbuka kila aliyepita darasani mwake miaka minane iliyopita, mwombaji amtembelee au amwandikie mapema, miezi mitatu kabla, ampelekee kazi aliyoifanya tangu hapo. Kumwomba mzee wa watu ushuhuda juma la mwisho ni kumkosea adabu.

Juu ya mahali pa kusoma tutasema machache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya takwimu. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kipo mjini humo tangu mwaka 1961. Makerere ilianzisha taasisi yake ya takwimu mwaka 1969. Wanaotazama Marekani wajue kwamba huko mara nyingi ufadhili huwaendea wanafunzi wa uzamivu kuliko wa uzamili. Masomo ya jioni humfaa aliye mjini. Mwalimu wa Songea au Kibondo hawezi kusafiri kila jioni, naye atahitaji ruhusa.

Na ruhusa ndiyo penye ugumu wenyewe. Mwaka wa shule huanza Januari, bali vyuo vikuu hufungua mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati kidato cha nne wanapoingia katika mtihani wa taifa. Mkuu wa shule mwenye mwalimu mmoja tu wa hisabati akisita kutia sahihi, hatuwezi kumlaumu. Ana watoto wanaomtazama. Lakini asubuhi ya kupeleka barua ya udahili si wakati wa kulianza shauri hilo. Mwalimu amweleze mkuu wake mwaka mzima kabla, jina lake liingie katika mpango wa mafunzo wa mwajiri, na chuo cha ualimu kilicho karibu kikubali kumtoa mwanachuo wa mwaka wa mwisho ashike vipindi chini ya uangalizi wa mkufunzi. Hili la mwisho ni letu sisi. Halihitaji waraka wala fungu jipya la fedha, ila kupanga mazoezi ya kufundisha yaangukie majuma hayo.

Mwalimu wa namna hiyo atakaporudi, kazi ya kwanza tutakayomwomba ni kuzipitia ripoti za utafiti wa mbinu zilizojaa makabatini mwetu, atuonyeshe zipi zilithibitisha jambo na zipi hazikuthibitisha lolote.