Masasisho ya Windows tuyahifadhi, tusiyazime

Hapa Mazinde, kando ya barabara kuu ya kwenda Same na Moshi, kazi inayonilisha ni kupiga Windows upya. Kuipiga si kazi. Kazi inaanza mashine inapoomba masasisho, maana ukiiacha iyavute yenyewe kwa intaneti ya simu, bando la wiki nzima linakwisha kabla ya jioni. Ndiyo maana wateja wengi wanamwomba fundi ayazime kabisa, na mafundi wengi wanakubali. Mimi nakataa, na naomba mafundi wenzangu, walimu wa kompyuta na watendaji wa kata nao wakatae. Faili likishapakuliwa mara moja na kutunzwa kwenye diski, linahudumia mashine zote za kata bila senti ya bando.

Kuzima si jambo dogo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, za hospitali za Uingereza zikiwemo. Kiraka cha kukizuia Microsoft ilikuwa imeshakitoa tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Tundu lilibaki wazi kwa wale ambao hawakukiweka.

Mafaili haya yapo bure kwenye katalogi ya masasisho ya Microsoft. Kila sasisho lina namba inayoanza na KB, na unalipakua kama faili la msu unaloweza kulibeba kwenye flashi. Kwa Windows 10, sasisho kuu la mwezi limebeba na yale ya miezi iliyotangulia ya toleo hilohilo, kwa hiyo kwa kawaida la mwisho linatosha. Windows 7, ambayo bado naletewa, inataka utaratibu: anza na KB3020369, ndipo KB3125574, furushi la 2016 lililokusanya masasisho ya miaka mitano. Ukiruka la kwanza, la pili linagoma. Kwenye diski yangu kila folda ina namba ya KB, tarehe, na kama ni ya biti 32 au 64, kwa sababu faili la biti 64 haliingii kwenye Windows ya biti 32 hata ulibembeleze vipi.

Wakati wa kuhifadhi ni sasa. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo haziwezi kupanda Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mashine hizo zitaendelea kutumika ofisini na mashuleni kwa miaka, na kila zikianguka zitapigwa upya. Tusidhani mafaili yake yatatungojea mtandaoni milele: Agosti 2020 Microsoft iliondoa kwenye kituo chake cha kupakulia mafaili yaliyokuwa na saini ya zamani ya SHA-1. Na hata yakiwepo, njia ya kuyafikia inaweza kukatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ikakosa intaneti au ikapata ya kusuasua.

Najua diski haizibi tundu litakalogunduliwa kesho. Lakini mashine yenye viraka vyote hadi Oktoba 2025 haifanani hata kidogo na ile iliyotoka kupigwa Windows ya 2019 ikaachwa hivyohivyo, kisha ikachomekewa flashi za watu wote wanaokuja kuchapa barua. Diski yenyewe nayo ilindwe: ichomekwe kwenye mashine iliyokwisha kupigwa upya tu, kamwe si kwenye iliyoletwa na virusi.

Shule yenye chumba cha kompyuta inunue diski moja, mwalimu apakue kwa bando la usiku. Ofisi ya kata ifanye vivyo hivyo. Na fundi yeyote wa Mombo, Mkomazi au Korogwe akija kwangu na diski tupu, namjazia yote niliyonayo bila malipo.